Sensa ya Mwende na Mbuzi wa Ntheo

Jumatano, 6 Agosti 2025

Leo nimetukanwa. Si mimi hasa, ni gari langu, lakini ni kitu kimoja.

Nilikuwa naosha Mwende nje ya geti hapa Mumbuni. Mwende ni saluni nyeupe ya mwaka wa tisini na tano, na tangu ninunue haijawahi kunilaza njiani. Kimotho jirani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasimama na kikombe chake cha chai. Akasema gari ni zuri, rangi imekaa, ila tu linakisia. Nikamwuliza linakisia nini. Akasema hewa.

Eti gari za umri wa Mwende hazipimi hewa inayoingia kwenye injini. Zina kisensa kidogo kinachosikiliza mvuto kule ndani, halafu kompyuta inakisia hewa ni kiasi gani na kumwaga petroli hivyo hivyo. Pikapu yake yeye ina sensa kwenye bomba lenyewe la hewa. Ndani kuna waya mwembamba wenye moto. Hewa ikipita, waya unapoa, na kompyuta inajua kamili. Alisema hayo, akamaliza chai, akaenda zake.

Miaka yote hii. Kumbe mimi na Mwende tunabahatisha!

Na hii si wiki ya kuambiwa mambo kama hayo. Jumamosi ya tarehe kumi na sita napeleka ntheo kwa kina Syombua, Kivaa. Mbuzi watatu. Wazee wakishawapokea, beberu akichinjwa na kuliwa, Syombua ni mke wangu mbele ya ukoo. Kanisa litafuata polepole. Shida ni kwamba tumeshapanga mara mbili. Mara ya kwanza Mwende alikuwa amepakwa rangi na rangi ikakataa kukauka. Mara ya pili nilikuwa nimefungua dashibodi kuweka redio kubwa na ikakataa kufungika. Mara zote mbili wazee wa Kivaa walikaa hadi jioni wakarudi makwao na njaa. Sasa Mzee Maundu, baba yake Syombua, ametuma neno kupitia kwa baba mdogo Ndeti, ambaye ndiye msemaji wetu. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Nisipofika, hataita wazee tena, na Syombua ataambiwa atafute mtu mwingine.

Kwa hivyo Mwende lazima awe sawasawa. Siwezi kwenda kuomba mke na gari linalokisia. Atafungwa sensa ya hewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempitia fundi Kyalo pale gereji. Nikamweleza. Akafuta mikono muda mrefu sana kabla ya kujibu. Alisema sensa peke yake ni bure. Lazima kompyuta ibadilishwe pia, na waya zake, na bomba la kutoka kwa sensa hadi kwa injini lisivuje hata kidogo. Hewa ikichungulia tu kwa nyuma ya sensa, haijapimwa, kompyuta haina habari nayo, petroli inakuwa kidogo na injini inazima. Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema itachukua muda wa baada ya ntheo. Gari linatembea, kwa nini tulifungue?

Fundi mwoga. Nimemshukuru na kuondoka. Mimi natengeneza redio katikati ya mji wa Machakos, watu wanatoka hadi Mwala kuniletea. Redio iko na waya nyingi kuliko gari. Sijahesabu lakini inaonekana.

Jioni Kimotho akanisimamisha tena. Amejitolea kubeba mbuzi kwa pikapu. Bure! Nikamwambia asante, mbuzi wa ntheo yangu watapanda gari langu. Nilimwona akitabasamu. Simwamini huyu mtu. Hana mke. Mwaka jana alimpelekea Syombua mfuko mzima wa simiti atengeneze sakafu ya duka lake la ushonaji, akasema eti ulikuwa umebaki. Simiti inabakije mahali inapouzwa?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefunga kibanda changu cha redio mapema nikaenda Matuu kwa Wangui, mama anayeuza spea za zamani upande mmoja wa duka na matunda upande wa pili. Msimu wa maembe bado, kwa hivyo taa na redieta zimezungukwa na mapapai. Na alikuwa nayo! Sensa, kompyuta na mkia wake wa waya, vyote kutoka kwa injini ya ukoo mmoja na ya Mwende. Aliuliza nani atafunga. Nikasema mtaalamu. Akauliza mtaalamu gani. Nikasema yuko. Wangui akaangalia mikono yangu, akatikisa kichwa, akaniongezea papai moja kama mtu anayempa mgonjwa pole.

Papai lilikuwa tamu. Sensa nimelala nayo kando ya mto.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku tukufu. Nimeanza baada ya chai na kumaliza jua likishuka.

Waya nimeunganisha kwa rangi. Nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Pale rangi haikuwepo nimetumia ya karibu. Zikabaki waya mbili hazina mwenyewe. Nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe zisikae bure. Nikawasha. Mwende akashika! Nilipiga kelele hadi mama wa jirani akauliza kama nimeshinda kitu.

Bomba ndilo limenisumbua. Mdomo wa sensa ni mkubwa kuliko mdomo wa Mwende. Ikabidi niende dukani kwa Kimotho, nikasema choo changu kina shida, nikanunua kona ya bomba la plastiki. Akauliza ni choo gani chenye mdomo wa namna hiyo. Nikamwambia cha kisasa.

Kona ikaingia, lakini hewa ikawa inapiga mluzi pembeni. Nikafunga kwa tyubu ya baiskeli. Mluzi. Nikapaka gundi. Gundi ikaanguka. Nimekaa chini nikiwa nimekata tamaa kabisa, nikaangalia sufuria ya ugali wa jana pale karoni. Nimeisugua kwa kijiko, kwa mchanga, kwa msumari. Ugali hautoki. Umeshika kama saruji. Nikasimama wima.

Nimepika ugali mgumu, nikaubandika ukiwa moto kuzunguka lile bomba lote, nikalainisha kwa mwiko uliolowa na kuiacha boneti wazi kwenye jua. Saa kumi nikawasha. Kimya! Hakuna mluzi! Mwende ananguruma kwa upole, kila tone la hewa limepimwa. Kyalo angekuwa hapa angelia.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi. Aibu yote ni yangu ingawa mpango ulikuwa mzuri.

Baada ya kanisa nilimchukua Syombua nimwonyeshe nguvu mpya za Mwende. Nikampeleka Kyamwilu. Kila mtu wa Machakos anajua kile kipande cha barabara. Ukitoa gia, gari linapanda lenyewe bila kusukumwa, na hata wasomi wanabishana ni kwa nini. Lakini Syombua amelelewa Kivaa, na tangu aje mjini anajua cherehani na kwaya tu. Nilikuwa na hakika hapajui.

Nikasimamisha gari. Nikatoa gia. Nikazima injini kabisa. Nikamwambia sasa atazame kazi ya sensa. Mwende akaanza kupanda. Nikaeleza kwamba hewa ikipimwa vizuri gari linakuwa jepesi hata likiwa limezimwa. Nilieleza kwa kirefu. Syombua akasikiliza kwa heshima kabisa, akaomba nisimame kidogo, akashuka na chupa yake ya maji. Akamwaga maji barabarani. Maji yakapanda kilima.

Akayatazama yakienda, kisha akauliza maji nayo yamefungwa sensa gani.

Kumbe kwaya yao huja hapo kila mwaka kwa pikiniki. Alicheka kutoka Kyamwilu hadi Mumbuni. Akifikiri amemaliza, anaanza upya. Lakini nitasema ukweli, kumsikia akicheka hivyo ndani ya Mwende kulinifurahisha kuliko kama angeniamini. Namtaka huyu mwanamke. Nikikosa Jumamosi sijui nitafanya nini na maisha yangu.

Jumanne, 12 Agosti

Mambo madogo madogo. Mwende akipata moto ananukia mahindi ya kuchoma. Si harufu mbaya. Abiria mmoja niliyempa lifti aliuliza kama nimebeba chakula. Kuku wa jirani nao wameanza kulala chini ya gari, na nikifungua boneti wanakuja wote mbio kama wameitwa.

Mchana nilipitia duka la Syombua. Alikuwa anashona marinda ya shule. Hakuinua kichwa. Aliuliza kwa nini nisimwachie Kimotho mbuzi, halafu mimi nije na Mwende, au kwa gari lingine lolote, au hata nibebwe mgongoni. Nikamweleza tena kuhusu hewa. Akasimamisha cherehani.

"Kitonga," akasema, "baba hatanii. Mama ameshaanza kunitajia majina ya watu wengine."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema nitafika. Akarudi kushona. Nimetembea hadi kibandani, na kwa dakika chache nilifikiria kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Halafu nikamwona Kimotho akipita na pikapu yake inayopima. Wazo hilo likaisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Mbuzi wamefika! Majike wawili weupe wapole, na beberu mmoja wa kahawia mwenye kichwa kikubwa na dharau. Nimewafunga uani. Majike wanakula majani. Beberu amekataa majani, amesimama mbele ya Mwende tangu mchana akinusa boneti. Nimeona ni heshima.

Baba mdogo Ndeti amekuja na wazee wetu wawili. Nikawaonyesha viti vyao ndani ya Mwende, katikati ya mbuzi. Ndeti akasema hajazeeka hadi kiwango cha kukaa na beberu. Kwa hivyo wazee, blanketi, sukari, soda, vyote vitaenda na pikapu ya Kimotho. Amealikwa na Ndeti mwenyewe! Nimekubali kwa ajili ya amani. Mbuzi ni wangu. Hapo sirudi nyuma.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa Kivaa, nimekaa juu ya debe nyuma ya jiko la wakwe. Nitaandika yote.

Tulitoka mapema. Mwende alivuta vizuri ajabu. Majike kiti cha nyuma, beberu kando yangu amefungwa mkanda. Tukapita Matuu tukiwa mbele ya pikapu, nikampigia Kimotho honi. Tukaacha lami. Vumbi, mashimo, mlima wa Kivaa umeonekana kule mbele. Basi ile harufu ya mahindi ikaanza, mara hii kali sana, na sindano ya joto ikapanda. Nikasimama niongeze maji kwenye redieta. Nikashusha mbuzi wanyooshe miguu, majike nikafunga mtini na beberu kwenye bampa. Nikafungua boneti. Nikaenda nyuma kutafuta mtungi wa maji chini ya virago.

Niliporudi beberu alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameweka juu ya bampa, kichwa chote kimezama ndani ya injini. Anatafuna. Nikamvuta pembe. Akavuta kurudi. Kufikia wakati nimemtoa, ugali wote ulikuwa umeisha, na kipande cha tyubu kilikuwa kinaning'inia mdomoni. Alinitazama machoni, akakimeza.

Nikawasha. Mwende akashika, akakohoa, akazima. Nikawasha tena. Akakohoa, akazima. Hewa ilikuwa inaingia kutoka kila upande, haijapimwa hata punje. Nataka ieleweke kwamba Kyalo alizungumza juu ya kuvuja. Juu ya mbuzi hakusema neno.

Pikapu ikatufikia. Kimotho akashuka, akachungulia, akaitambua kona ya choo. Akafungua mlango wa nyuma mbuzi wapande. Nikakataa. Ndeti akanisihi, akanitukana, akanisihi tena. Akasema wazee wa Kivaa wamekaa tangu asubuhi na Mzee Maundu amekwisha kupiga simu. Nikasema mbuzi hawa hawapandi pikapu ya mtu. Nilijua nafanya ujinga. Nilikuwa nataka kulia. Lakini mdomo ulikataa kusema ndiyo mbele ya Kimotho.

Kimotho akatazama jua, akasema basi wao watatangulia. Wakaondoka. Nikabaki na vumbi lao, na ndipo nikang'amua hila yake. Anatangulia kwa Syombua! Na sukari yangu! Na soda!

Nikakata kamba za mtini na ile ya bampa, nikaanza kukimbia. Mbuzi watatu na mimi, viatu vya harusi, tai begani. Njiani mama mmoja aliyekuwa analima akauliza ni mbuzi wa nini. Nikasema ntheo. Akaacha jembe, akapiga kigelegele, akafuata. Wengine wakatoka mashambani na kwenye maboma. Tulipofika karibu na lango la Mzee Maundu kulikuwa na kundi zima likiimba nyuma yangu, na mimi nilikuwa sina pumzi ya hata kusema nimefika.

Wazee walikuwa wameshasimama, fimbo mkononi. Kimotho alikuwa katikati yao akiongea kwa mikono miwili. Syombua alikuwa mlangoni mwa jikoni na leso ameikunja ngumini. Mzee Maundu akaja langoni. Nyimbo zikaisha. Akawatazama mbuzi. Akatazama viatu vyangu. Akatazama uso wangu, ambao nadhani ulikuwa wa rangi ya barabara.

"Tangu mimi nilipopeleka mbuzi wangu," akasema, "sijaona tena mtu akileta ntheo kwa miguu. Ingia, muthoni."

Muthoni! Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mkwe. Nililia. Sioni haya kuliandika. Nililia nikiwa nimeshika kamba, na beberu akatumia nafasi hiyo kula tai.

Ndeti ameniambia baadaye kilichotokea. Kimotho alifika, akakuta wazee wameanza kuondoka, akawasimamisha njiani. Akawaambia gari langu ni zima kabisa, ila nimeliacha kwa makusudi kando ya barabara ili mbuzi waje kwa miguu kama zamani, kwa kumheshimu Mzee Maundu. Na pikapu akaiegesha katikati ya lango mtu asipite. Uongo mtupu! Ametaka aonekane ndiye mwenye akili. Nimemtazama akila nyama na wazee wakimpigapiga bega. Jirani gani huyu.

Beberu amechinjwa, ameliwa. Mzee mmoja alipokuwa akikata matumbo alitoa kipande cheusi cha mpira, akakiinua kwenye mwanga, akauliza mbuzi wa Machakos siku hizi wanalishwa nini. Nikasema ni ukame. Wazee wote wakasikitika.

Syombua amepita hapa sasa hivi na sahani. Aliweka mkono wake kichwani pangu, akauacha hapo kidogo, akaenda.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeoa! Nimeamka nikisema kwa sauti.

Mwende amevutwa hadi nyumbani kwa kamba ya pikapu. Kyalo amemfungua boneti, akaita mafundi wenzake, wakaita wengine kutoka gereji ya pili. Amerudisha kompyuta ya zamani na kile kisensa cha zamani, na gari limewaka mara moja. Anasema sasa nimejionea. Nimejionea nini? Nimekaa nikapiga hesabu ya mambo yote. Kama nisingefunga sensa, nisingepika ugali. Bila ugali beberu asingekula. Asingekula, ningefika kwa gari kama mtu yeyote wa kawaida, na kuwakuta wazee wamenuna kwa zile mara mbili. Ile sensa ndiyo imenipa mke. Wangui anapaswa kuandika hivyo kwenye ubao wa duka lake.

Mchana Syombua amekuja na chakula. Tumekula tukiwa tumekaa ndani ya Mwende, madirisha wazi. Nikamwuliza kwa harusi ya kanisa, Desemba, angependa gari liwe namna gani. Akanishika mkono. Alikuwa mpole sana, sijawahi kumwona mpole hivyo.

"Kitonga, sikiliza vizuri," akasema. "Mimi nilikutaka wewe. Sihitaji gari. Hata ungekuja kunichukua kwa mkokoteni wa punda, ningepanda nikiimba."

Machozi yalinitoka tena. Hakuna mtu amewahi kuniambia kitu kama hicho. Amekwenda kazini, na mimi nimebaki hapa nikiyarudia maneno yake moja moja, ili nisikosee hata kidogo anachotaka.

Mkokoteni wa punda!

Kwa nini sikufikiria? Nimempigia baba mdogo Ndeti. Anao mmoja wa kuchotea maji, na punda wawili. Nimeuliza una breki za aina gani. Amesema hauna breki. Nimeuliza taa. Hauna taa! Bibi harusi wangu, kanisani, bila breki wala taa, bila hata kipimo cha mwendo! Mafuta kidogo kwenye magurudumu, betri ya Mwende chini ya kiti, ile redio kubwa nyuma. Kuna shokabsoba mbili pale kwa Wangui, kando ya mapapai, nilizipita Ijumaa ile bila kutambua thamani yake.

Kimotho asijue. Kibanda nimefunga. Naelekea Matuu.